Oksijeni Haitaki Mafuta

Jua la Voi limeshaanza kuchoma mabati ya karakana, na Obadiah Wesonga anafoka. Mteja ameshika mtungi wa oksijeni kwa mikono yenye grisi.

"Wewe! Unataka tuungue sote? Oksijeni haitaki mafuta!"

Kisha fundi huyu wa kuchomelea vyuma anaketi, ameshika tumbo. Limekuwa likimfura tangu mwaka jana, na choo kilianza kutoka na damu. Huko Mombasa, madaktari walipompiga picha walikuta viputo vya hewa vimejaa katika ukuta wa utumbo. Ni ugonjwa adimu.

Tiba? Alazwe ndani ya tangi la chuma, avute oksijeni kwa shinikizo, siku baada ya siku, ili isukume nje ile hewa iliyonaswa. Ikishindikana, akatwe utumbo.

"Nimejaa hewa, halafu waniongeze hewa ingine. Sasa hiyo ni hesabu gani?" anauliza. Mwandishi wa makala haya, aliyeelezwa na daktari mara mbili, naye bado anajikuna kichwa.

Tena oksijeni anaijua. "Nimeona cheche moja ikiteketeza shati mwilini mwa mtu. Leo niingie mimi ndani ya mtungi?"

Mkewe, Jerusha, alimpeleka kanisani kwanza. Akapakwa mafuta ya upako toka utosini hadi tumboni, ndipo wakapanda treni kurudi Mombasa.

Mlangoni mwa tangi, muuguzi Mbinya alimgusa mkono, akashtuka. "Mzee, umejipaka nini? Nenda ukaoge na sabuni. Humu mafuta hayaingii, hata ya nywele."

Jerusha akaangua kilio. "Baba Valarie, utaoshaje maombi?"

Obadiah akabaki kati ya wanawake wawili, sabuni mkononi. Amkosee Mungu, au aungue?

"Nilichanganyikiwa kabisa, ndugu yangu. Halafu nikasikia maneno ya yule dada ni yangu mwenyewe. Ndiyo hayo napigia watu kelele kila siku."

Akaoga.

Ameshaingia mara kadhaa. Masikio humziba kama anapanda milima ya Taita. Damu imekoma na tumbo limepungua, ingawa daktari hajasema amepona. Ni oksijeni, ama upako uliwahi kuingia kabla ya sabuni? Hajui, na amechoka kujiuliza.

Jumatatu anarudi kwenye tangi. Anataka apone bila kisu, ashike tena kazi yake.

"Nimemwambia Mama Valarie aniombee tu, lakini mikono iwe mikavu."

Jerusha, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, anapangusa viganja kwa leso, anavitazama, anapangusa tena. Kisha anaviweka juu ya tumbo la mumewe.