Hodi kwa Sungura

Kazini walimwita Bi Hodi, kwa sababu hakuingia chumba cha sungura bila kugonga mlango. Wenzake walimtania: kwani watakujibu karibu? Hawakujibu, lakini walisogea mbele ya vizimba wakamngoja, wala hawakuhangaika alipowatia matone machoni. Alisema mnyama mwenye hofu anateseka bure, na majibu ya vipimo vyake ni ya uongo. Ukimshika sungura kwa masikio alikufokea, uwe daktari au nani.

Matone yale yalikuwa dawa ya macho iliyokuwa ikijaribiwa maabarani. Binti wa mdogo wake, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa akipofuka. Jicho moja lilishazima, na lililobaki liliisubiri dawa hiyo.

Kupenda wanyama si kosa. Mimi mwenyewe nafuga paka, na ananitawala. Lakini wale watetezi wa wanyama mtaani kwetu walianza na mabango, wakaja na mawe, kisha wakaupaka mlango wa Bi Hodi rangi nyekundu. Mtoto alisogeza uso hadi pua ikagusa mbao, akasoma polepole.

"Mu-u-a-ji. Mama mkubwa, ndiye wewe huyo?"

"Ndiye mimi. Njoo ule kabla sijakuua."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Hodi hakuifuta rangi ile. Alisema waliochafua ndio watakaokuja kusafisha.

Wiki iliyofuata watetezi walivunja maabara. Walifungua vizimba, sungura hawakutoka. Watoke waende wapi, na wamezaliwa humo? Basi wakombozi wakawabeba kwa masikio, wakawamwaga barabarani, wakapiga picha, wakaenda kulala usingizi wa watu wema. Mbwa wa mtaa hawakulala.

Asubuhi Bi Hodi alikuta manyoya mpaka mtaroni. Alijua wapo waliojificha, akagonga bati la lango kama alivyogonga mlango kila siku. Wakatoka chini ya magari, mmoja akiburuta mguu, wakamjia. Wote walikuwa na alama za meno, na aliyeraruliwa vile na mbwa wasiojulikana kama wana kichaa hakuwa na matibabu ila sindano ya mwisho. Daktari alinyoosha mkono aichukue kazi hiyo.

"Niachie," Bi Hodi alisema. "Mimi ndiye niliyewaita."

Alipomaliza, aliuliza habari ya dawa. Daktari alitazama sakafu.

"Tunaanza upya, dada. Ni miaka."

Jicho la mtoto halikungoja miaka. Jioni moja, wakirudi nyumbani wameshikana mikono, mtoto alisimama mlangoni akapapasa mbao kwa vidole.

"Mama mkubwa, wale watu walikuja kusafisha?"

Rangi ilikuwa palepale, nyekundu kama siku ya kwanza.

"Walikuja," alisema, akamfungulia mlango.