Elfu tisa mia tisa tisini na moja

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora, mimi baba ndiye niliyebaki bila diploma. Mke wangu alikuwa nayo, watoto watatu walikuwa nazo. Nadhani hata mbuzi wa jirani alikuwa karibu kuipata. Basi nikajiandikisha shule ya jioni. Mchana natandika karo, vile vigae vya sakafu, na magoti yangu yamekuwa magumu kuliko karo zenyewe. Ukiunganisha sakafu zangu zote, utatembea peku mpaka Kolwezi.

Mtihani wa mdomo wa hesabu ulikuwa umeniangusha mara mbili. Nikianguka ya tatu, shule inanifunga mlango na diploma imekwenda.

Prof alimpa kila mmoja namba yake na robo saa mbele ya ubao. Useme kama inagawanyika, ao ni ile tunayoita premier, inayokataa kugawanywa isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Mama mmoja wa Kivu, muuzaji wa unga kwa jumla, alipewa 1001. Hakugusa hata chaki.

"Saba, mara kumi na moja, mara kumi na tatu," akasema, akarudi kukaa.

Mimi nikapewa 9991.

Nikajaribu tatu, saba, kumi na moja. Kila mara kunabaki kitu. Kumi na tisa, kunabaki. Nilitakiwa kuendelea hivyo mpaka karibu na mia, na jasho lililonitoka lingechanganya mifuko miwili ya simenti.

"Papa, useme tu ni premier, twende kula," yule mama akasema nyuma yangu.

"Mama, unyamaze. Niko nahesabu."

"Uko nahesabu ao uko nasali?"

Darasa likacheka. Prof akaangalia saa. "Papa, iko premier ao haiko?"

Mdomo ulishafunguka kusema iko. Ndipo nikaona: hii ni elfu kumi kasoro tisa. Kwa mtu wa karo, elfu kumi ni sebule ya karo mia kwa mia. Ondoa tisa kwenye pembe, tatu kwa tatu, kama kule mtaa wa Bel-Air, ambako wiki ile ile nguzo ilikula pembe ya sakafu yangu. Nikachora. Kando ya tundu kulibaki ukanda wa karo tatu kwa tisini na saba. Nikaukata, nikauzungusha, nikaubandika ubavuni mwa sakafu iliyobaki. Tundu likaisha, pembe nne zikanyooka.

"Haiko premier, Prof. Ni 97 mara 103."

Akazidisha mwenyewe kwenye karatasi. "Na hizo mbili, zinagawanyika tena?"

Nikajaribu mbili, tatu, tano, saba. Zote zikakataa, na kwa namba ndogo vile hakuna haja ya kwenda mbali zaidi.

"Mraba kutoa mraba tulisomaka mu mwezi wa mbili," Prof akasema. "Ulikuwa unalala."

"Nilikuwa nimechoka, Prof."

Akaandika sita juu ya kumi. Tano ingetosha kupita.

"Na ile ine ya kufika kumi?" nikauliza.

"Ile ni ya usingizi."

Nyumbani niliwaambia nimepata tisa. Diploma ilipotoka haikuonyesha pointi za mdomo, kwa hiyo mpaka leo ni tisa.