Haki ya Mungu Si Mimi

Mpaka leo mtu akiniambia mchezo wa kumsaka mwizi si mchezo wa kuigiza, nachemka. Kesi hiyo niliisikiliza miaka ya tisini, kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, Kayole, na ilinichosha kabisa.

Tulicheza hivi. Tunakaa kwenye ngazi, viganja tumevifumbata. Mmoja anapita akipenyeza mikono yake ndani ya yetu, na kwa siri anamwachia mtu kifuniko cha soda. Huyo ndiye mwizi. Mwingine, aliye polisi, anatuhoji, sote tunakana, kisha tunapiga kura. Dada yangu mdogo hakuwahi kukamatwa. Alikuwa anatoa macho, analamba kidole, anakielekeza juu: "Haki ya Mungu si mimi!" Tulimwamini kila mara, wajinga sisi.

Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye kazi zake mwenyewe zilikuwa zimemshinda, alimsikia akiapa, kisha akaona kifuniko kikimdondoka. Akateremka moja kwa moja kwa Mama. Mama alikuwa mtu wa kanisa tangu kwao Vihiga, na kiapo kwake hakikuwa mzaha. Akamtoa dada yangu kwenye kwaya ya watoto, na Jumapili hiyo ndiyo alikuwa aimbishe kwa mara ya kwanza.

"Lakini Mama, ilikuwa gemu tu!" dada alilia.

Nikamtetea. Nikasema ni kama kalongo, ule mchezo wa watoto kujifanya baba na mama. Mtu akikupakulia udongo akasema ni ugali, nani humwita mwongo?

"Kwa kalongo kila mtu anajua ni udongo," Mama akasema. "Huyu alitaka waamini."

Jibu lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikauliza, je, yule mzee wa kanisa aliyekuwa Yuda kwenye igizo la Pasaka, mbona yeye bado anakusanya sadaka? Nikaambiwa ninyamaze.

Wiki chache baadaye sweta ya yule jirani ikapotea kwenye kamba. Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wetu.

"Huyu wenu ni mwizi mzoefu," akasema. Mwanamke mzima, akimaanisha mtoto na kifuniko cha soda! Nilitaka kupasuka.

Mama akamgeukia dada yangu. "Apa hapa mbele yetu kwamba hukuchukua."

"Sikuchukua. Lakini siapi."

"Kwa nini?"

"Si ni wewe ulisema mimi huapa uongo?"

Jirani akasema basi, ushahidi ndio huo. Mama hakumpinga. Jioni sweta ikaonekana juu ya paa la bafu la ploti ya pili, upepo uliipeleka huko. Jirani akaichukua, akaikung'uta, akaenda zake bila hata pole.

Usiku Mama akampakulia dada yangu nyama nyingi kuliko sisi wote, akamwambia Jumapili anaweza kurudi kwaya.

"Asante, Mama," dada akasema kwa adabu zote. Hakurudi, na nyumbani kwetu sikumsikia akiimba tena.