Mabweni Yaliyofuata Kilima

Nilifunga safari ya Bomet kwa sababu isiyopendeza: kumfukuzisha fundi kazi. Shule moja ya wasichana, iliyo juu ya mteremko kati ya Kaplong na Bomet, ilikuwa ikijengewa mabweni manne kwa ramani niliyoichora mimi, mezani kwangu Nairobi. La kwanza lilijengwa sawasawa na ramani. Kisha akaja fundi mpya, Joel Rono, naye akayageuza mawili yaliyofuata alivyotaka yeye. Bodi ya shule ililalamika. Mkubwa wangu akaniambia, "Nenda ukapime, uandike ripoti, urudi." Enzi hizo, katika miaka ya tisini, Bomet ilikuwa imefanywa wilaya juzijuzi tu, na kila mtu huko alitaka majengo yanyooke, yaonekane ya kisasa.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti mabovu. Nani angefukuzwa, nani angebaki, halikuwa jambo la kuninyima usingizi. Usingizi wenyewe ulikwisha kuniacha.

Kericho tulifika saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikigonga paa la basi. Nilichukua chumba, nikavua viatu vilivyolowa, nikajilaza na koti langu. Dirishani mashamba ya chai yalishuka bondeni mistari kwa mistari, kila mstari ukipinda pale kilima kilipopinda. Niliyatazama bila kuwaza lolote.

Kesho yake asubuhi nilipata lifti ya pikapu ya maziwa hadi Kaplong, kisha nyingine hadi njia panda ya shule. Kutoka hapo nilipanda kwa miguu, nikisimama kila hatua hamsini. Mwalimu mkuu, Madam Rael, alinipokea langoni. Alinitazama, akaagiza chai kabla sijamaliza salamu.

"Pole, injinia. Umefika umechoka."

"Nilitoka nyumbani nikiwa nimechoka, Madam."

Alicheka kidogo. Mimi si injinia, ni mchoraji wa ramani za majengo, lakini sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Saa sita nilianza kupima. Bweni la kwanza lilinyooka vizuri. Kilima kilikuwa kimechimbwa na kusawazishwa, miti ikang'olewa, na ukuta wa nyuma ukawekwa karibu sana na udongo uliokatwa. Mabweni mawili ya Rono yalikaa kama watu waliokaa kitako mlimani: kila chumba kimeshuka ngazi moja kuliko mwenzake, msingi wa mawe ukifuata ardhi. Miti aliiacha. Madirisha aliyaelekeza kwenye jua la asubuhi, maana huko baridi huuma, na mfereji wa nyasi ulipita kati ya nyumba na nyumba. Hakuna kipimo hata kimoja kilichopatana na ramani yangu. Niliandika yote.

Rono alikuwa juu ya ngazi, akifunga mfereji wa paa unaopeleka maji kwenye tangi. Alikuwa mwembamba, mwenye umri kama wangu. Alishuka polepole, akanipa mkono.

"Injinia, najua umekuja kunifukuza," alisema. "Lakini usiende saa hii. Ngoja mvua."

"Kwa nini hukufuata ramani?"

"Mimi nilichunga ng'ombe hapa nikiwa kijana. Mahali hiyo bweni ya kwanza iko, ndiyo njia ya maji. Nilisema kwa bodi. Wakaniambia ramani imetoka Nairobi."

Saa tisa na dakika chache mbingu ilifunguka. Tulisimama chini ya paa la bweni lake, mimi na yeye. Maji yalishuka mlimani, yakaingia mfereji wa nyasi, yakapita mbele yetu yakielekea bondeni. Sakafu nyuma yetu ilibaki kavu. Ng'ambo, maji yaligonga ukuta wa nyuma wa bweni langu, yakajaa, yakaingia ndani. Wasichana walitoka mbio wamebeba magodoro vichwani. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamezoea, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mvua ilipopungua nilikwenda kuutazama ule ukuta. Ufa ulipanda kutoka chini hadi dirishani, nikaingiza vidole vinne.

Jioni nilikaribishwa kwa Madam Rael, nikala kimyet, ule ugali wao, kwa mboga na mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni. Nilikula kwa shida.

Asubuhi bodi ilikutana. Mwenyekiti, Mzee Bett, hakuzunguka.

"Injinia, tuambie. Nani amekosea hapa?"

Ripoti niliyotumwa kuandika ilikuwa mkononi, nusu yake tayari. Ningeweza kuimaliza. Lakini kudanganya nako kunahitaji nguvu, na mimi sikuwa nazo.

"Ramani ni yangu," nilisema. "Sikuja hapa kabla ya kuichora. Kosa ni langu, si la fundi."

Mzee Bett alivua kofia.

"Na hiyo bweni? Wazazi wamechanga, injinia. Wengine waliuza ng'ombe."

"Samahani, mzee. Wasichana wasilale humo tena. Hata leo."

Madam Rael aliinuka papo hapo, akaenda kuhamishia vitanda kwenye chumba cha kulia. Rono hakunishukuru. Aliuliza tu, "Bweni ya nne tuiweke wapi?" Tukatoka na kamba na vigingi, tukazunguka mteremko hadi adhuhuri, yeye akionyesha, mimi nikichora.

Nairobi, mkubwa wangu alisoma ripoti, akaiweka chini. "Ungeandika tu alichobadilisha fundi." Wiki hiyo nilihamishiwa meza ya pembeni, kunakili ramani za wenzangu. Nikajifunza kuuliza kila mmoja wao kama ameliona eneo mvua ikinyesha. Wengi walikereka. Wawili walikwenda kuona.

Mwezi wa tano ilifika barua ya Madam Rael, fupi. Ukuta wa nyuma wa bweni la kwanza ulianguka Jumanne usiku, aliandika, ukalalia upande mzima vilipokuwa vitanda. Hapakuwa na mtu ndani.