Siku mutuelle ilipokataa kupiga kura juu ya mazishi ya baba yangu

Salaam wakuu, poleni na kazi. Niko mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, Kongo. Sikusoma sana, lakini nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Avenue yetu ina mutuelle, chama cha kusaidiana kwenye misiba. Kinatoa gari, turubai, viti na watu. Karibu wote ni Wakristo, familia zilizotoka Kasai zamani. Waislamu ni nyumba mbili tu, yangu na ya mdogo wangu.

Mwaka jana tulipiga kura: maiti isubiri morgue, chumba cha maiti, mpaka Jumamosi, ili wa shifti za mgodini na wa sokoni wapate kuzika. Atakayezika mapema, mutuelle haisogei kumsaidia.

Kwetu maiti haisubirishwi. Nilijua.

Nikanyoosha mkono pamoja nao. Niliona haya kubaki peke yangu.

Jumanne moja asubuhi baba akafariki. Sisi wanaume wawili, mimi na mdogo wangu, hatuna gari, makaburi ni mbali.

Nikaenda kwa Mama Ngalula, rais wa mutuelle, nikamwomba tuzike kabla jua halijazama. Akaita waliokuwepo.

Tata Kazadi, mzee mwenye kushika gari la chama, akaniangalia. "Tata Ramazani, weye mwenyewe ulinyanyulaka mukono. Leo ndio unalamuka mu usingizi?"

Nikasema ni kweli. Niliogopa.

Mmoja akasema basi tupige kura tena. Nikahesabu vichwa: sisi wawili, wao wote waliobaki.

Mama Ngalula akakataa. "Tukivote tena, atashindwa tena. Batu babili batashinda nani? Siku ya kukutana, tunavote. Namna mutu anazika baba yake, hatuvote." Akamgeukia Kazadi. "Na weye, leta gari. Jua haiko membre wa mutuelle, haitatungojea."

Watu wakacheka kidogo, hata mimi. Kazadi akaenda kuwasha gari. Makaburini alishika koleo kabla yangu.

Tulimaliza mchana bado mweupe.

Mkutano uliofuata uliandika kwamba kila nyumba inazika kwa imani yake, na hilo halipigiwi kura. Jumamosi yao imebaki, nami huwa naenda.

Nilichojifunza, wakuu: wengi waamue, lakini si kila kitu kiletwe kwao. Na sisi wachache tuseme mapema. Nilinyamaza mimi, nusura alipe baba.

Kwenye vyama vyenu, jambo gani mmekubaliana halipigiwi kura? Niandikieni. Baba amepumzika, nami nimetulia, nitasoma yote.