Kisu Kilichonyooka

Baba mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya uzee tulimwita Manong Dulo, alifunga majogoo visu miaka thelathini na minane. Kwetu kisiwani Negros jogoo wa mapigano haingii uwanjani na kucha zake tu. Hufungwa kisu mguu wa kushoto, kirefu kama kidole, na kikienda upande kwa upana wa punje ya mchele, humchana mwenyewe. Wapo wafungaji waliohongwa wakipinde. Dulo hakuwahi. Hakuwa na shamba wala nyumba ya maana. Alikuwa na jina, basi, nami niliyemwoa bintiye nilikula kwa jina hilo.

Jumapili moja baada ya misa nilimshika jogoo mwekundu wa Berting Salmorin, mzee akafunga. Niliona kisu kimekaa sawasawa. Yeye akakikodolea macho, akafungua uzi, akakisukuma kidogo upande, akakifunga upya.

"Kimepinda kama mkia wa mbwa, hiki," alinung'unika.

Nilinyamaza. Uzi ukiwa mkononi, anayemsemesha mfungaji amemtakia jogoo kifo. Ndiyo mila yetu, ya kipumbavu, nami niliifuata.

Jogoo aliruka mara moja tu. Aliposhuka, kisu kilikuwa kimezama tumboni mwake mwenyewe, utumbo ukamwagika mchangani, na mwenzake akammaliza kwa kumkata shingo. Berting akaruka uzio.

"Umeniuza, mzee mwizi!"

"Sijakuuza, mwanangu. Naapa kwa Bikira Maria."

"Mwanao nani? Leteni huo mkono!"

Wanaume wawili walimlaza chini. Berting akaukanyaga mkono wa kulia kwa buti, tena na tena, mpaka nikasikia mifupa ikivunjika. Nilipomvuta nilipigwa kiwiko cha pua.

Hospitalini, aliyemfunga plasta alimsikia akilalamika kwamba mlango umejengwa kombo. Mlango ulikuwa sawa. Akatupeleka kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole aitwaye Ligaya, aliyempa mzee karatasi ya mistari ya miraba. Dulo akasema mistari ya katikati inajikunja.

"Ni uzee, Manong," daktari alisema. "Taka zimejikusanya nyuma ya jicho miaka mingi. Seli za kinga, hao askari wa mwili, zimekuja kufagia. Zimeshindwa, zikapandwa na hasira, zikaitana. Sasa zinaunguza jicho lenyewe. Hapo imeota mishipa mibovu, inavuja, ndani pamevimba. Ndiyo maana kilichonyooka unakiona kimepinda."

"Yaani walinzi wangu ndio wanaonichoma?"

"Wao wanadhani wanakulinda."

"Basi Berting ana ndugu zake humu ndani," mzee akasema, na daktari akashindwa kujizuia kucheka.

Sindano ilichomwa ndani ya jicho lenyewe. Ingepunguza kuvuja, daktari alisema, lakini askari wenyewe hana dawa ya kuwatuliza. Dulo alinibana goti kwa mkono mzima, hakulia. Tulipotoka akaniambia, "Jicho na liende. Jina langu je?"

Jumapili iliyofuata alikwenda uwanjani na ile karatasi, nami nikamfuata. Berting akaigeuzageuza, akacheka.

"Mistari imenyooka hii, babu. Jicho gani linaugua siku ya pambano langu tu?"

"Kwangu imepinda. Hapa, katikati."

"Shahidi wako nani?"

Watu walikuwa wametuzunguka. Ningenyamaza, mzee angekufa na jina la mwizi.

"Mimi," nikasema. "Kisu kilikuwa kimenyooka. Nilimwona akikipinda, yeye anadhani anakinyoosha. Hakukuuza."

Berting akanigeukia. "Kumbe wewe uliona? Ukamwacha jogoo wangu afe?"

Dulo aligeuza kichwa upande, kama afanyavyo siku hizi ili amwone mtu kwa pembe ya jicho.

"Uliona, mkwe?"

"Niliona, baba."

Ngumi ya Berting iling'oa jino langu. Nilipojiinua nikakutana na ya Manong Dulo, ya mkono wa kushoto, na tangu nimjue hakuwahi kunigusa.

"Ungesema tu," alisema. "Mkono wangu huu ungekuwa mzima."