Mkebe Niliomtengenezea Nekesa

Walioniona siku hiyo nawataja wote, msije mkasema nimeficha mashahidi: Nekesa mdogo wangu, mwalimu wake wa chuo aliyetoka Kesses, Mzee Barasa mwenye ploti tunayopanga hapa Kimumu, na Mama Njeri wa duka. Hawa wawili wa mwisho niliwaita mwenyewe waje kutazama (na hapo ndipo naona haya zaidi).

Mimi ni fundi wa jua kali, natengeneza karai na masanduku ya mabati. Shule niliacha kidato cha kwanza wazazi walipofariki, na tangu hapo kazi yangu hasa imekuwa Nekesa asome. Sasa yuko mwaka wa mwisho, anasomea kilimo, na mradi wake ulikuwa mahindi kwenye ndoo za plastiki nyuma ya nyumba: nusu yapewe madini yote, nusu yanyimwe zinki tu, aone yatakavyokuwa akiba iliyo ndani ya mbegu ikiisha. Mchanga aliuosha kwa asidi usibaki na madini, na maji yalikuwa yale safi ya kuongezea betri, yasiyo na kitu. Yale ya kunyimwa yalipotoa majani yenye michirizi myeupe, yeye alifurahi, mimi roho ikaniuma.

Akaenda chuoni wiki tatu kufanya mitihani. "Bro, mwagilia tu. Usiongeze kitu."

Sikuongeza kitu, naapa. Ila jagi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka, inanimwagia maji miguuni, na mimi fundi mzima naona aibu, basi nikakata bati jipya kabisa nikamtengenezea mkebe wa kunyunyizia, una mkono, una mdomo wa vitundu, unang'aa hata ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu, na kila jioni naujaza maji ya betri ili asubuhi nikute kazi rahisi. Baada ya siku kadhaa yale mahindi yenye michirizi yakaanza kutoa majani mapya ya kijani kibichi. Nikasema kumbe nina mkono wa shamba! Ndiyo maana Nekesa aliporudi pamoja na mwalimu wake kuja kukagua nikaita majirani.

Mwalimu akainama, akageuza jani.

"Nekesa, haya ndiyo uliyonyima zinki?"

"Ndiyo, madam."

"Yaliyonyimwa hayawi hivi. Umeweka mbolea ukaogopa kuniambia. Mradi wa udanganyifu siupitishi."

Nekesa akanigeukia. Miaka yote ile, iishie hapo? Nikaruka mbele.

"Madam, huyu sikumlea kudanganya! Amepewa maji peke yake, na mimi ndiye niliyemwagilia, kwa huu!" Nikauleta mkebe, nikaugonga kwa kidole ili ulie.

"Umetengenezwa kwa bati gani?"

Ningenyamaza. Lakini fundi gani huulizwa kuhusu bati lake akanyamaza? "Hili si bati la kuibia watu, madam! Limepakwa zinki nzito, ndani na nje, hata maji yakilala humo mwezi mzima..."

Sikumaliza. Nekesa alikuwa amefunika uso.

"Kwani si hiyo zinki ndiyo mlikuwa mnanyima?" akauliza Mama Njeri.

"Fundi!" Mzee Barasa alishika mbavu. "Kumbe ulikuwa unawapelekea wafungwa chakula kwa mlango wa nyuma!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Maji yakilala humo yanaokota zinki kidogo," akasema, "na mmea hauhitaji zaidi ya hicho kidogo. Mizizi haiulizi kama kimetoka kwa mbolea au kwa mkebe, inakunywa tu." Kisha akamwomba Nekesa msamaha mbele yetu wote, akampa muda aanze upya.

Tangu siku hiyo nimeapa kutoboresha kazi ya mtu kabla sijamuuliza. Nekesa hakunigombeza, aliniambia tu kwamba nimemlia wiki sita za mradi na atazidai zote. Basi mchanga nimeuosha upya, mahindi yameota, na kila asubuhi namwagilia kabla ya kwenda kazini huku yeye akinisimamia mlangoni na chai yake, anacheka peke yake. Nimelipa wiki mbili. Zimebaki nne.